Karani, Meza na Bendera: Picha za Watu Waliojitolea Vitani

Juma hili nataka tuzungumze juu ya picha za kale zilizotiwa katika magazeti ya Ulaya na Marekani karne ya 19, zikionyesha watu wakijiandikisha kwenda vitani kwa hiari yao. Huenda mtu akauliza, "Picha za kigeni za zamani hivyo zatuhusu nini sisi watu wa Nairobi, Dagoretti na Kikuyu?" Zatuhusu sana. Mababu zetu nao waliandikwa kwa ajili ya vita, na habari za kuandikwa kwao hatutazielewa vema mpaka tujue desturi ya kumchora mtu anayejitolea ilianzaje, na ni mambo gani ambayo desturi hiyo huyaacha nje ya picha.

Kwanza tutazame jinsi picha hizo zilivyotengenezwa. Gazeti mashuhuri la picha lilikuwa Illustrated London News, lililoanzishwa London mwezi wa Mei 1842 na bwana mmoja aitwaye Herbert Ingram. Huko Marekani likafuata gazeti la Frank Leslie mwaka 1855, na Harper's Weekly mwaka 1857. Kamera zilikuwako siku zile, lakini hapakuwa na njia nyepesi ya kupiga chapa picha ya kamera pamoja na maandishi katika mtambo wa gazeti. Basi mchoraji alipelekwa mahali penye habari, akachora upesi kwa kalamu ya risasi, kisha akaipeleka karatasi yake kwa meli au kwa gari la moshi. Ilipofika ofisini, mchoro ule ulihamishwa juu ya ubao wa mti mgumu sana, na mafundi wakauchonga kwa vyuma vyembamba. Picha ikiwa kubwa, ubao wake ulikuwa ni vipande vingi vilivyokazwa pamoja. Vipande hivyo vilifunguliwa, kila fundi akachonga kipande chake, na kazi ilipokwisha vikaunganishwa tena tayari kwa mtambo.

Kwa kazi ya namna hiyo, fundi mmoja aliweza kuchonga miguu ya farasi na mwenzake bendera, wala hapana hata mmoja wao aliyepata kuuona mji wenyewe wala watu wenyewe. Mahali ambapo mchoraji aliacha alama chache tu, fundi alijaza kwa yale aliyozoea kuyaona katika picha nyingine. Ndiyo sababu picha za kuandikisha askari zafanana mno, ziwe za London au za New York. Utaona meza, na nyuma yake karani mwenye kitabu na kalamu. Utaona bendera, ngoma, sajini mwenye utepe kofiani, vijana wamepanga mstari na nyuso zao zang'aa, na wanawake dirishani wakipunga leso.

Mimi niliye karani sikosi kumtazama karani mwenzangu katika picha hizo. Yeye hapungi kitu wala hapigi kelele. Ameinama, anaandika. Na hakika kazi yake ndiyo iliyo kubwa kuliko zote pale, kwa kuwa mpiga ngoma atakwenda zake na bendera itakunjwa, lakini kitabu kitabaki. Kitabu hicho ndicho kitakachojulisha baadaye ni nani aliyekwenda, nani aliyerudi, na nani astahiliye kulipwa.

Sasa tuchukue mfano wa Marekani, maana huko twaona wazi kinachoachwa nje ya picha. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwezi wa Aprili 1861, Rais Abraham Lincoln aliita watu 75,000 wa kujitolea. Vijana walimiminika, na magazeti yakajaa michoro ya vikosi vikipita mitaani na umati wa watu ukivishangilia. Wachoraji hawakusema uongo, kwani watu walijitolea kweli. Lakini vita haikwisha kwa miezi michache kama walivyodhani. Majeruhi walirudi, habari za maelfu ya waliokufa zikasikika, na mstari wa mbele ya meza ya karani ukawa mfupi. Serikali na miji ikaanza kutoa fedha ya kuwavuta watu waandikwe. Fedha nayo haikutosha, na mwezi wa Machi 1863 sheria ikatungwa ya kuwachukua watu kwa kura. Sheria hiyo ilimruhusu mtu aliyepigiwa kura kutoa dola 300, au kuleta mtu mwingine badala yake, naye akabaki nyumbani. Maskini hakuwa na dola 300. Mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 1863, mji wa New York ukaingiwa na ghasia kubwa kwa ajili ya kura hiyo, na watu weusi wasiokuwa na kosa lolote wakauawa mitaani.

Hapo, msomaji, pana jambo la kuangalia. Picha ya watu wanaojitolea aghalabu ni picha ya mwezi wa kwanza. Huchorwa wakati moyo ungali moto na jeneza la kwanza halijarudi. Mwaka wa tatu wa vita una sura nyingine, na mtu aliyezitazama zile picha za mwanzo tu atadhani kwamba vita yote ilipiganwa na watu wenye kucheka.

Picha nyingine za wakati ule zahusu watu wa asili ya Afrika. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kuwa watumwa wa majimbo yaliyoasi wawe huru, na kwamba watu weusi wataandikwa katika majeshi yake. Kabla vita haijakwisha, watu kama 180,000 wa asili ya Afrika walikuwa wametumika katika jeshi la Kaskazini. Tarehe 4 Julai 1863, Harper's Weekly lilitoa picha tatu pamoja na habari za mtu aitwaye Gordon, aliyekuwa mtumwa. Katika ya kwanza amevaa matambara, ametoroka kwa bwana wake. Katika ya pili anaonyesha mgongo wenye makovu ya kiboko. Katika ya tatu amevaa sare na ameshika bunduki. Picha zile ziliwagusa watu wengi sana, na ule mgongo wenye makovu haukuwa hadithi. Lakini wanahistoria wa siku hizi waliozichunguza wamesema kwamba huenda picha hizo tatu si za mtu mmoja, bali gazeti liliziunganisha ili habari ipate mwanzo, kati na mwisho. Basi hata picha yenye nia njema yafaa kuulizwa maswali.

Na maswali yenyewe, kwa maoni yangu, ni mawili. La kwanza: mtu huyu aliweza kukataa? La pili: jina lake liliandikwa likatunzwa? Mtu aliyeweza kukataa, akakubali, na jina lake likatunzwa, huyo twaweza kumwita mwenye kujitolea bila wasiwasi. Likikosekana jibu la moja kati ya maswali hayo, neno lenyewe la kujitolea lianze kututia shaka.

Tuje basi Nairobi. Vita Kuu ya Kwanza ilitangazwa tarehe 4 Agosti 1914. Katika siku chache walowezi wa Kizungu walitoka mashambani kuja mjini, wengine wamepanda farasi na wengine nyumbu, na bunduki zao za kuwindia begani. Waliandikwa katika jengo lililoitwa Nairobi House, katikati ya mji. Vikosi vyao vya kwanza vilikuwa na majina ya ajabu ajabu, kila kimoja kikifuata mkubwa wake, na kimoja kilijifanyia mikuki ya mianzi. Baadaye viliunganishwa vikawa kikosi cha East African Mounted Rifles. Lau mchoraji wa Illustrated London News wa mwaka 1861 angalikuwako pale, angalikuwa na kila kitu alichokizoea: meza, karani, bendera na farasi.

Lakini hapa nako mwezi wa kwanza ulipita. Mapigano ya Longido ya mwezi wa Novemba 1914 yaliwaonyesha wote kuwa vita haitakuwa matembezi. Mwezi wa Septemba 1915 walowezi walikutana katika jumba la Theatre Royal, mjini Nairobi, na humo Ewart Grogan akawahutubia. Baada ya mkutano ule ikaja sheria ya kuwalazimisha Wazungu wenyewe watumike. Kwa hiyo hata kwa wale walioanza kwa shangwe, hiari ilikwisha na sheria ikachukua mahali pake, kama ilivyokuwa Marekani miaka 52 iliyotangulia.

Na Waafrika je? Wako walioingia King's African Rifles kwa kutaka kazi ya uaskari, wakapigana kwa ushujaa uliosifiwa hata na adui zao. Lakini vita ya Afrika ya Mashariki haikuwa ya bunduki tu. Mbung'o aliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, na barabara za magari zilikuwa chache na mbovu. Chakula, risasi, dawa na hema vilibebwa na watu, mzigo wa ratli 50 au 60 kichwani, safari ya siku nyingi. Ndiyo asili ya Carrier Corps, jeshi la wachukuzi, lililokuwa chini ya Oscar Watkins. Wengine walijiandika wenyewe mwanzoni, kwa kutaka mshahara. Kisha mshahara ukapunguzwa hata mgeni akalipwa rupia 5 tu kwa mwezi, na mwaka 1915 ikatungwa sheria iliyowapa wakubwa nguvu ya kuwachukua watu hata kama hawataki. Mwaka 1917, jeshi lilipozidi kwenda kusini na mahitaji yakazidi, John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya wachukuzi kwa wingi usiopata kuonekana. Machifu waliambiwa hesabu ya watu wanaotakiwa, nao wakawatuma watu wao kuwatafuta.

Hakuna meza yenye bendera katika habari hiyo. Kijana aliondolewa shambani au nyumbani, wakati mwingine usiku, akaletwa kambini akiwa hajui aendako. Watu zaidi ya 160,000 wa nchi iitwayo leo Kenya waliandikwa katika kazi hiyo. Vifo vilivyoandikwa vya watu hao vilipita 23,000, na hesabu ya kweli ni kubwa zaidi, kwa kuwa wengi walipotea njiani bila mtu kujua mwisho wao. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na unga wasiouzoea usioiva vizuri uliwaharibu matumbo.

Pana watu wa mtaa mmoja wa habari hii ambao nataka tuwatazame kwa makini, maana kisa chao kiko kati ya hiari na nguvu. Ukitoka katikati ya Nairobi kwa njia ya Ngong, ukafika Dagoretti Corner, kisha ukashika njia ya kuelekea magharibi, utafika Thogoto, penye misheni ya zamani ya Kiskoti. Mwaka 1917, watu walipokuwa wakikusanywa kila mahali, Daktari John Arthur wa misheni hiyo alianzisha kikosi cha wachukuzi kilichoitwa Kikuyu Mission Volunteers. Vijana zaidi ya 1,500 wa misheni za Kiprotestanti waliingia, wakaenda katika nchi iliyokuwa ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara, wakiwa chini ya wamisheni waliowajua na waliojua lugha yao.

Jina la kikosi lilisema kuwa ni cha kujitolea. Je, walijitolea? Kama wasingaliingia kikosi hicho, walikuwa katika hatari ya kukamatwa kama wenzao na kutiwa katika makundi ya wageni. Hawakuweza kukataa vita, lakini waliweza kuchagua watakwenda na nani. Huo haukuwa uhuru kamili, wala haukuwa bure. Katika kikosi chao walikufa wachache kuliko katika makundi mengine, kwa kuwa waliangaliwa vizuri zaidi katika chakula, dawa na usafi. Hebu tufikiri maana yake. Mizigo ilikuwa ile ile, nchi ile ile, na magonjwa yale yale. Kilichowapunguzia vifo ni kwamba mkubwa wao aliwajua kwa majina, akamhesabu kila mmoja kuwa mtu. Basi wale maelfu wengine hawakufa kwa sababu vita haina budi kuua wachukuzi. Wengi walikufa kwa kukosa uangalizi ambao uliwezekana kupatikana.

Hapo ndipo lile swali la pili, la jina na kitabu, linapokuwa zito. Wengine wetu husema kuwa zamani haikuwezekana kuandika majina ya watu wengi hivyo. Sikubali. Henry Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi wa Novemba 1874, alikuwa na wachukuzi wa Unguja na wa Bara zaidi ya 300, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1878 alipigisha chapa majina ya wenzake waliokufa safarini. Stanley hakuwa mpole, na safari yake iliua watu wengi. Lakini majina yao yasomeka hata leo. Watkins naye pamoja na makarani wake walijitahidi kuweka orodha, wakatumia vibati vya namba na alama za vidole. Ila watu waliletwa kwa maelfu, majina yakaandikwa na wasioijua lugha, jina moja likawa la watu kumi, na jina la baba au la kijiji likakosewa. Vita ilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa sababu warithi wao hawakupatikana. Jambo la kusikitisha ni kwamba ufundi wa alama za vidole haukupotea: uliingia katika kipande, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua kuanzia miaka ya 1919 na 1920. Kitabu kilichoshindwa kumtafutia marehemu mrithi wake hakikushindwa kumtafuta mfanyakazi aliyetoroka.

Leo, apitaye Kenyatta Avenue ataona sanamu za shaba za watu watatu, zilizowekwa mwaka 1928. Mmoja wao ni mchukuzi. Maandishi yaliyo chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yawasifu wachukuzi kuwa walikuwa viungo vya jeshi, yaani miguu yake na mikono yake, na yaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Maneno mazuri. Lakini zunguka sanamu zile pande zote, hutaona jina hata moja la mchukuzi. Kisha panda gari kwenda magharibi kwa njia ya Ngong, mpaka makaburi ya vita yaliyoanzishwa mwaka 1941. Hapo wamelala watu zaidi ya 1,900 wa Vita Kuu ya Pili, na karibu kila kaburi lina jiwe lenye jina, kwa Mwafrika na kwa Mzungu. Kati ya sanamu zile na mawe haya mtu aweza kupima umbali wa sifa na umbali wa kumbukumbu.

Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita ya Kwanza, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume ilisema kazi ya kuyatafuta majina hayo ifanywe. Hiyo ni hatua njema, lakini majina hayako London peke yake. Mengine yako katika koo zetu, kwa mzee aliyesikia kwa baba yake kwamba ndugu wa babu alichukuliwa akaenda "Kariokor", asirudi. Mtaa wa Nairobi wenye jina hilo wauza viondo na nyama choma, na vijana wengi wapitao hapo hawajui kwamba ni neno Carrier Corps lililotamkwa kwa ulimi wetu. Kadhalika Kariakoo ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Ndugu mkulima, keti na wazee waliosalia katika mbari yako, uulize ni nani aliyekwenda katika vita ile, wa ukoo gani, wa kijiji gani, na kama alirudi. Andika katika daftari, utie na tarehe uliyoandika na jina la aliyekueleza. Daftari la shilingi chache laweza kujaza mahali ambapo kitabu cha serikali kiliacha wazi. Nawe karani mwenzangu, uwapo ofisini na mstari mrefu mbele yako, uwe wa kitambulisho, wa mbolea au wa karo, usione uchovu kumwuliza mtu mara ya pili jinsi jina lake linavyoandikwa. Mwenye kusimama mbele yako hajui kitabu chako kitafika wapi, nawe hujui pia. Siku moja mjukuu wake atakuja kukisoma.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.